Shajara ya mradi: klorini mwaloni na ORS karibu na mitumbwi, Ziwa Tanganyika

Oktoba, kabla mvua hazijaanza

Naanza kuandika hapa maana kwenye grupu la wasap mambo yanapotea, leo mtu anauliza kipimo cha klorini kesho mwingine anauliza hichohicho, kwaiyo kila kitu kitakaa hapa kwa jinsi tulivyokifanya, na mwenye mwalo wake awe Kigoma, Katavi, Rukwa au hata ng'ambo kule Rumonge ya Burundi na Kalemie ya Kongo achukue kinachomfaa.

Mradi wenyewe, wa kuzuia kipindupindu, ni mdogo. Ni mwalo mmoja wa dagaa (ufukwe mitumbwi inapotua) kusini ya mji wa Kigoma, jina silitaji makusudi, kwasababu mwalo ukishaitwa wa kipindupindu wanunuzi wanahama na akina mama wa vichanja vya kuanikia dagaa wanalala njaa, na hofu hiyo ndo inafanya watu wafiche mgonjwa ndani mpaka anaishiwa maji. (Na niseme mapema, dagaa aliyekauka vizuri juani kisha akapikwa hana shida, vibrio, kijidudu cha kipindupindu, hawezi ukavu wala moto. Shida yetu ni maji.) Tupo wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), akina mama wa vichanja, manahodha wachache waliokubali kutusikiliza, na afisa afya wa kata ndo anatusimamia.

Tumejiwekea malengo mawili tu. La kwanza, kila dumu linalotoka ziwani liwe limetiwa dawa palepale ufukweni kabla halijafika nyumbani. La pili, mtu akianza kuharisha maji, ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) iwe karibu kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu anaweza kutumwa akaileta bila kuvuka barabara.

Mabango hatujaweka hata moja na nitaeleza kwanini. Hapa mwaloni ukimuuliza mtu yeyote, mzee au kijana, kipindupindu kinazuiwaje, atakutajia yote, nawe mikono, chemsha maji, tumia choo, funika chakula, anaimba kama wimbo wa shule. Elimu ipo. Kuni za kuchemsha maji ya watu nane ndo hazipo, sabuni inakwisha tarehe kumi, choo kimejengwa kwenye mchanga kikadidimia. Sasa mtu huyo ukimletea semina nyingine na soda moja unakuwa umemfanyia nini? Mimi naamini hela yote iliyopo iende kwenye dawa na ndoo, maneno yatajileta yenyewe tukiwa tunachota maji pamoja.

Oktoba, kupima maji

Hii sehemu naiandika kwa urefu kwasababu ndo inaulizwa sana.

Maji ya Tanganyika yanadanganya macho. Yanang'aa, unaona mawe chini, bibi mmoja wa vichanja nilimwamkia shikamoo bibi akaitikia marahaba mwanangu, alafu akaniambia haya maji babu zetu wamekunywa na hayajawahi kumdhuru mtu. Sikubishana nae, nikakaa nikamsaidia kugeuza dagaa, baadae yeye mwenyewe akaanza kuhesabu watoto wa ukoo wake waliokufa kwa kuharisha, na kila mmoja alikuwa na sababu yake, meno, jicho la watu, homa. Nikamwambia bibi, tujaribu dawa msimu huu mmoja tu tuone.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba maji ya ziwa letu yana pH ya juu, yaani yana magadi zaidi kuliko tindikali, inakaribia 9. Vibrio anapenda mazingira ya namna hiyo, hata maabara wakitaka kumkuza kwenye sampuli wanamweka kwenye maji maalum yenye pH ya juu. Na klorini kwenye pH hiyo inafanya kazi taratibu. Ule muda wa kusubiri nusu saa unaoandikwa kila mahali ni wa maji yenye pH chini ya 8, sisi tunasubiri saa nzima na tunataka klorini inayobaki iwe juu kidogo, kati ya miligramu 0.5 na 1 kwa lita badala ya zile 0.2 mpaka 0.5.

Tunavyotengeneza ni hivi. Tunatumia klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 mpaka 70. Kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, kama gramu 15, kwenye lita moja ya maji, anakoroga mtu aliyevaa glovu na amesimama upande upepo unakotoka, hiyo inakupa mchanganyiko wa asilimia 1. Tunauacha utulie, ule weupe unazama chini, tunamimina maji ya juu kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Alafu ndoo nne za lita 20, ya kwanza mililita 1 kwa bomba la sindano, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 4. Koroga, funika, subiri saa moja, kisha pima kila ndoo kwa kidonge cha DPD, kinachogeuza maji yenye klorini kuwa ya pinki, uone rangi.

Ya kwanza haikuonyesha rangi kabisa. Ya pili pinki ya mbali, chini ya 0.5. Ya tatu ikakaa karibu 0.8 na ya nne ikapita 1, harufu watu wakaikunjia pua. Kwaiyo msimu huu wa ukame, maji yakiwa meupe hivi, ni mililita 3 kwa dumu la lita 20. Tafadhali usichukue namba hiyo ukaipeleka kwenye mwalo wako bila kupima, maji yako sio maji yetu. Na kama huna klorini ya unga wala vipimo nunua vidonge vya WaterGuard dukani, fuata maelezo ya kwenye pakiti, inatosha kabisa kwa nyumba moja.

Novemba, mvua za kwanza

Vituo vya kutilia dawa vipo viwili, kimoja pale akina mama wanapochota asubuhi na kingine upande wa mitumbwi. Mtu anakuja na dumu limeshajaa, anayesimamia anatia mililita zake, anafunga, anamwambia usifungue mpaka ufike nyumbani na upike kwanza chai kwa maji ya jana. Rahisi hivo. Dumu la mdomo mwembamba ni zuri kuliko ndoo wazi maana mkono wala kikombe haviingii, maji yanamiminwa. Wenye ndoo tumewaomba wafunge koki chini na kifuniko juu, fundi wa hapa mwaloni anatoboa na kufunga kwa bei ya kueleweka.

Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, kijito kikaleta matope ziwani na ile mililita 3 ikawa haitoshi tena, matope yanakula klorini. Tukapima upya ikafika 6. Kwa maji ya namna hiyo tunawaambia watu wayatulize kwanza, wachuje kwa kanga iliyokunjwa mara nne, ndo walete kwenye dawa. Hilo la kitambaa sio jambo la kubuni, Bangladesh walilifanyia utafiti vijijini kwa kutumia sari kuukuu iliyokunjwa na wagonjwa wakapungua karibu nusu, kwasababu vibrio anapenda kujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa kinavizuia. Ila vibrio anayeelea peke yake anapita, kwaiyo kanga ni hatua ya kwanza na klorini inabaki palepale.

Kuna mzigo wa klorini ulitufikia umeshaisha nguvu, muuzaji simtaji, kopo limefunguliwa na kufungwa tena na unga umeshikana mabonge. Tulijua kwasababu tunapima kila mzigo unapoingia kabla haujafika kwenye dumu la mtu. Ukinunua klorini kagua tarehe, itunze kivulini pakavu, mbali na chuma, mbali na mafuta ya mashine, na mchanganyiko ule wa asilimia 1 utengeneze kidogo kidogo usikae siku nyingi.

Novemba, mbalamwezi

Wavuvi ndo wanaotuumiza kichwa zaidi kwenye mradi huu. Nyumba inaweza ikawa na maji safi kabisa lakini baba anatoka jioni, anakesha ziwani na taa, akisikia kiu anachota pembeni ya mtumbwi, na akitaka haja anaimalizia hapohapo pembeni ya mtumbwi. Wanaume wengi, mitumbwi imekaa karibu karibu, usiku kucha.

Kipindi cha mbalamwezi dagaa hawaifuati taa kwaiyo mitumbwi inapumzika na mwalo unajaa wanaume, nyavu zinashonwa, bao linachezwa, na huo ndo muda pekee wa kuongea nao kwa utulivu. Asiyeujua mwalo anaitisha mkutano giza la mwezi alafu anasema wavuvi hawana mwamko, wakati watu wapo kazini.

Tulichokubaliana na manahodha ni hiki, kila mtumbwi unapakia dumu moja la maji yaliyotiwa dawa saa kumi jioni wakati wanajaza mafuta na kukagua taa, mpaka wafike kwenye uvuvi ile saa moja ya kusubiri imeshapita. Dumu limepakwa rangi ya bluu lisichanganywe na la mafuta. Hilo wamelipokea vizuri kuliko nilivyotegemea, nahodha mmoja mtu mzima alisema mbele za wenzie kwamba akiumwa mtu mmoja usiku mtumbwi mzima unapoteza kazi, na wakamwelewa haraka kuliko wangetuelewa sisi.

La haja bado. Ndoo yenye kifuniko ndani ya mtumbwi wengine wamekubali wengine wanaona ni kuwadhalilisha, na choo cha mwaloni chenyewe foleni yake ni ndefu. Vile vyoo vya chini kabisa karibu na maji vilishamezwa ziwa lilipopanda, kama walivyopata shida wenzetu wa Bujumbura mwaka 2021 na tena 2024. Afisa afya anataka vyoo vipya viwe juu ya mteremko, vimeinuliwa, na shimo lijengewe. Hela ya tofali inachangwa na BMU, inasogea polepole.

Desemba, mgonjwa wa kwanza

Kijana wa kwenye mtumbwi, alirudi asubuhi anaharisha na kutapika, wenzie wakadhani ni pombe. Kinyesi kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Dada wa kituo cha mitumbwi alimwona anavyoshika vigimbi vya miguu vinakaza, macho yameingia ndani, akamfinya ngozi ya tumbo ikakaa imesimama, hakusubiri mtu, akamuanzishia ORS palepale mchangani na akatuma bodaboda. Kufika kituo cha afya akatundikiwa dripu mara moja, sampuli ikachukuliwa na akawekwa sehemu ya peke yake. Alipona. Nyumba yake na wenzie wa mtumbwi tuliwafuata siku hiyohiyo.

Watu hawajui ugonjwa huu una kasi gani. Mtu aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja ndani ya saa moja, asubuhi mzima jioni marehemu. Wasiotibiwa, walio na hali mbaya, mpaka nusu yao wanaweza kufa. Wakitibiwa vizuri wanaokufa hawafiki mmoja kati ya mia. Kinachotenganisha hivyo viwili ni maji na chumvi vinavyorudishwa mwilini mapema, ndo maana napiga kelele kuhusu ORS.

Na hili lina historia yake. Mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladesh, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon upande wa India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu wagonjwa wamelala chini mpaka nje. Akaamua kuchanganya maji, chumvi na sukari ya glukosi kwenye mapipa na kuwapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilikuwa karibu 30 kwa mia vikashuka mpaka kama 3 na ushee. Ndugu wa mgonjwa, mtu asiyesoma udaktari, akiwa na kikombe. Akina mama wetu niliwasimulia hivyohivyo na mmoja akauliza, kwahiyo sisi tunaweza. Ndio mama, mnaweza.

Desemba, ORS kwenye nyumba

Nyumba kumi kumi zina mama mmoja mwenye boksi la ORS, zinki, kikombe na daftari. Mambo tunayosisitiza:

Pakiti moja ni ya lita moja. Chupa nyingi za maji zinazookotwa hapa ni za lita moja na nusu, mtu akijaza mpaka juu dawa inakuwa nyepesi, akitumia chupa ndogo inakuwa kali, kwaiyo kila mama ana chupa iliyowekwa alama ya lita moja kwa rangi ya kucha. Ikikaa zaidi ya saa 24 mwaga tengeneza nyingine.

Pakiti ikikosekana, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita moja ya maji salama. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Chumvi ikizidi inamuumiza mtoto, hapo usikadirie kwa mkono.

Mtoto chini ya miaka miwili mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, kwa kijiko, taratibu. Wa miaka 2 mpaka 10, 100 mpaka 200. Mkubwa anywe kadri anavyoweza. Akitapika subiri dakika kumi kisha endelea polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki kwa watoto siku 10 mpaka 14, miligramu 20 kwa siku, chini ya miezi sita 10.

Flajili sio dawa ya kipindupindu jamani, na vidonge vya kufunga tumbo vinaleta madhara. Antibaiotiki ipo lakini anaitoa mtaalam. ORS tunaianza nyumbani na safari ya kituoni inaanza wakati huohuo, mgonjwa akinyweshwa njiani. Usafiri ukikwama namba ya wizara ni 199, bure.

Desemba, msiba

Mtaa wa jirani amefariki mzee, na familia ilikuwa imemficha. Hapa nataka niseme kwa uchungu kidogo. Tangu utotoni tumesikia kipindupindu kikiitwa ugonjwa wa watu wachafu. Mwaka 2015 kilivyoanzia Dar mwezi wa nane kikasambaa nchi nzima, sherehe za Uhuru tarehe 9 Desemba zikafutwa na hayati Rais Magufuli akaagiza siku hiyo iwe ya usafi, na kweli taka zilizolewa sana na mitaa ikapendeza, ila ugonjwa uliendelea kwasababu ulikuwa kwenye maji, na kufikia Aprili 2016 wagonjwa walishapita 20,000. Watu wakabaki na picha kwamba ukiugua basi nyumba yako haijafagiliwa. Mzee yule nyumba yake ilikuwa safi kuliko nyingi.

Imamu wa msikiti wetu alikubali kukaa na afisa afya kabla ya mazishi. Maiti iliheshimiwa, waoshaji wakavaa glovu na klorini ya asilimia 2 ikatumika, wakazika mapema. Na jambo moja dogo lililoleta ubishi lakini likapita, walioosha maiti wasishike sufuria za msibani. Wali wa msiba unaliwa na watu mia, mkono mmoja unatosha kusambaza. Tukaweka vibuyu chirizi na sabuni mlangoni, chakula kikaliwa cha moto, kachumbari ikaachwa. Wajukuu wa marehemu ndo walisimamia kunawisha watu.

Januari

Wazee wa hapa wanaikumbuka Kagunga, Mei 2015, makumi elfu ya wakimbizi wa Burundi wamebanwa kwenye kijiji kidogo kati ya milima na ziwa, hakuna njia isipokuwa ya maji, wanakunywa ziwa na wanajisaidia ufukweni, wakaugua kwa maelfu. Meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika ukajaa, wengine wakapelekwa kambi ya Nyarugusu ambako chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilitolewa. Bibi mmoja alipika uji kwa ajili ya wale watu na ndo mama wa ORS hodari kuliko wote tulionao sasa.

Kuhusu chanjo naulizwa sana. Ni nzuri, inasaidia, ila Oktoba 2022 iliamuliwa kwamba kwenye milipuko watu wapewe dozi moja badala ya mbili kwasababu ilikuwa haitoshi. Ikija tutapanga foleni, ila dumu linatiwa dawa leo.

Tangu yule kijana na mzee hatujapata mgonjwa mwingine mwaloni. Sisemi ni sisi, mvua nazo zilikatika. Ninachoweza kusema kwa kupima ni kwamba tukiingia nyumbani jioni bila taarifa na kupima maji ya kunywa, nyumba nyingi rangi ya pinki inatokea, na mwezi wa kumi ilikuwa haitokei popote. Yule bibi wa 'babu zetu wamekunywa' analeta madumu yake mwenyewe na akikuta dada amechelewa anagomba.

Yaliyobaki kabla ya masika. Vidonge vya DPD vinaisha, kama kuna mtu anajua duka Kigoma au Tabora lenye vya tarehe mpya aandike hapa. Tofali za choo cha juu zimefika nusu, BMU wamekubali shilingi kidogo kwa kila ndoo ya dagaa mpaka ziishe. Mbalamwezi ijayo tunakaa na manahodha waliokataa ndoo, na safari hii anayeongea ni nahodha mwenzao, sisi tutakuwa tumebeba madumu ya bluu tu. Mwalo wa pili kusini yetu wameomba waje wajifunze kupima, waje na ndoo nne na maji yao wenyewe.